Harufu ya Makonyo

Mwatime binti Faki anakeneka kwa mvuke mafuta ya makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa, na mwaka mzima sasa haisikii harufu yake. Homa iliyomchukua bintiye Raya ndiyo iliyoondoka na pua ya mama. Kanga ya mtoto ameinusa mpaka imechakaa, haimwambii kitu. Adhuhuri hii, pipa likichemka, anaegemea gunia, macho yanafumba, na gunia linampisha kama mlango. Yuko njiani. Njia inazaa njia, na kila anayoishika inamrudisha kwenye mji uleule, ambao kila nyumba inatazamana na pacha wake kama kiooni, na akipita upande huu anajiona akipita upande ule, na yule wa kule amechoka kumshinda yeye. Mtu wa kanzu anamngoja barazani. Panapostahili uso pana weupe mtupu. Mwatime anamuuliza alipo Raya. Kitendawili, anasema yule mtu. Tega. Huingia bila hodi, hutoka bila kuaga. Mwatime anajibu kwa uchungu kwamba hiyo ni harufu, na yeye hana. Basi ifuate, anaambiwa, na papo hapo inamjia: karafuu, kali, tamu, ya kuchoma kooni. Anaifuata kichochoro kwa kichochoro akilia, na mji unajigeuza nyuma yake, hadi uani ambako Raya ameketi mkekani. Mtoto hamtazami, ananusa hewa tu. Mama, ni wewe. Kumbe harufu ni yake mwenyewe Mwatime, imeganda kwenye nywele na viganja. Anamkumbatia, anasema hatoki tena hapa. Raya anaiondoa mikono ya mama yake polepole. Ukikaa harufu itakuisha, mama, kama ilivyoniisha mimi. Na mimi huku sioni, nitakujuaje? Mwatime anaomba akae kidogo tu, lakini harufu imeshaanza kufifia, na Raya anageuza kichwa huku na huku akiuliza, mama, bado upo? Nipo, mwanangu, anasema, nakwenda kuichukua.

Mkasi, mwenzake wa kazi, anamtikisa bega, anamwambia moto unazimika. Mwatime anachochea kuni. Kisha anachota kwa kiganja mafuta yaliyokwisha poa, anajipaka shingoni, mikononi, kwenye nywele, mafuta asiyoyasikia hata kidogo. Mkasi anamuuliza anajiandaa kwenda wapi. Nyumbani, anasema Mwatime, wala hajui ni nyumbani kupi.