Chuma Kilichonenepa Bila Gesi

Mume wa mdogo wangu ndiye mkuu wa maabara yetu, na hajui kitu. Nasema wazi. Mimi ni fundi wa maabara, mwaka wa kumi na tisa huu. Hata kushika kijiko cha sampuli nilimfundisha mimi. Leo ananiita "wewe".

Kazi yetu ni kupima gesi inavyonata kwenye unga wa chuma, maana amonia ya mbolea haitengenezeki mpaka naitrojeni ishike kwanza kwenye chuma. Tunaning'iniza chuma kwenye mizani ndani ya bomba la kioo, tunapitisha gesi. Uzito unaoongezeka ndio gesi iliyonata. Basi. Mwezi mzima uzito ukapanda ajabu, shemeji akawa anatembea kama ameoa upya. Mimi niliandika daftarini mara tatu: mpira wa mdomo wa bomba umepasuka, hewa inaingia, chuma kinapata kutu, na kutu nayo huongeza uzito. Shukrani yake nikaipata leo asubuhi. Barua: mwisho wako Ijumaa.

Saa nne wakaja wageni wa kiwanda cha mbolea, wanataka kukinunua chuma hicho. Shemeji, tai shingoni, akamwaga maneno weee! Mhandisi wao, mama mmoja mkimya, akanigeukia. "Tunaweza kuona?"

Nikaenda kwenye mtungi wa naitrojeni, nikaufunga kabisa. Tukatazama mizani. Namba zikaendelea kupanda.

Nilidhani shemeji atatafuta pa kujificha. Wapi! Alipiga makofi. "Mnaona? Hata bila gesi kinanyonya!"

Ee Mola, na huyu ana shahada tatu ukutani.

Mhandisi akainama, akapitisha kidole kwenye mpira. "Huu umepasuka tangu lini?" Aliniuliza mimi, si yeye. Nikampa daftari. Akasoma yote niliyoandika, shemeji kasimama pale anajipepea na makaratasi yake. Kisha mama akamwambia, "Tutarudi mwezi ujao. Vipimo avifanye huyu dada. Kama hayupo, msituite."

Walipotoka tu, sauti ya bwana mkubwa ikawa asali. "Shemeji, ile barua ya asubuhi... hebu nirudishie."

"Iko kwenye pipa la taka," nikamwambia. "Nimeifutia mizani."