Ringi Mbili za Ishirini na Nane

Jumamosi, saa sita na dakika kumi mchana, ringi ya gurudumu la nyuma la Bora Wilondja ilikuwa na ufa wa sentimita tatu kando ya tundu la valvu. Bora aliuona alipokuwa akifuta baiskeli yake nje ya kibanda cha Faustin, fundi wa baiskeli wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi. Baiskeli hiyo ina gia moja isiyoachia: gurudumu likizunguka, pedali huzunguka nalo, na mwendeshaji hupunguza mwendo kwa kukaza miguu. Ringi yenye ufa haihimili kazi hiyo.

Mchujo wa timu ya baiskeli ya wanawake ya Lilongwe ulikuwa kesho yake asubuhi. Nafasi ilikuwa moja. Kibali cha Bora cha kutoka kambini kilikuwa cha Jumapili hiyo peke yake.

Faustin hakuwa na ringi nyingine. Alimpigia simu Byamungu, mwendesha kabaza anayebeba abiria kwa baiskeli, ambaye siku hiyo alikuwa mji wa Mponela. Alimwambia neno moja: vingt-huit, ishirini na nane, saizi ya gurudumu. Saa tisa Byamungu alifika na ringi mbili begani. Moja ilikuwa ya chuma, mpya, inang'aa. Nyingine ya aluminiamu, imekwaruzwa, imejaa tope kavu.

"Kamata hii mupya, dada," alisema. "Ile ingine balinipatia ya bure. Hata kuku hawezi kulala mule."

"Zote ni vingt-huit?"

"Soma mwenyewe. Ao kwenu Fizi hamukusoma?"

"Tulisoma. Njo maana baiskeli yangu haina maua ya plastiki kama yako."

Zote mbili zilikuwa na namba 28. Tairi ya Bora pia. Faustin alianza na ile mpya. Baada ya dakika ishirini vijiko viwili vya kuingizia tairi vilikuwa vimepinda na tairi haijaingia.

"Mupira iko baridi," alisema Faustin. "Tuutie kwa jua."

Bora alikwenda kibanda cha pili, kwa Antoinette, mshonaji kutoka Bukavu.

"Mama Antoinette, naomba futi yako."

"Unashonea baiskeli robe ya harusi?"

"Napima ringi. Namba ni moja, lakini mupira unakataa."

Antoinette alisimamisha cherehani. "Kila mama akifika hapa anasema, 'Mi iko saizi quarante, arobaini.' Naitika, ndiyo mama. Halafu napima: quarante-six, arobaini na sita. Namba ni ya mudomo, mwanangu. Futi haina haya."

Alikuja mwenyewe. Futi yake ilikuwa na sentimita 150, kwa hiyo aliweka alama ya chaki hapo na kuendelea. Mahali tairi inapokaa, ringi ya chuma ilizunguka sentimita 199 na nusu. Ya aluminiamu, 195 na nusu. Ukingo wa ndani wa tairi ya Bora: 195 na nusu.

"Hizi si mapacha," alisema Antoinette. "Zinaitana jina tu."

Bora aliosha ile ya aluminiamu, akahesabu matundu ya spoki: thelathini na sita, sawa na habu yake, kitovu cha gurudumu.

"Funga hii," alimwambia Faustin.

Spoki za zamani zilifika bila kupungua. Saa kumi na moja na nusu Faustin alifunga njiti ya kiberiti kwenye fremu na kuzungusha gurudumu. Nafasi kati ya njiti na ringi haikubadilika hata milimita moja.

Jumapili saa moja kamili asubuhi, wanawake tisa waliondoka Capital Hill, katikati ya wizara zilizofungwa: mizunguko kumi. Hadi wa saba Bora alikuwa wa tatu. Katika mzunguko wa nane, kwenye kona ya mteremko, wawili waliomtangulia walishika breki na kutupwa upande wa nje. Bora alikaza miguu. Gurudumu halikuyumba. Alipita ndani.

"Ya bure!" alipiga kelele Byamungu, aliyemsindikiza. "Sukuma, dada! Ya bure!"

Watazamaji wa Lilongwe walidhani ni jina lake, wakadaka: "Yabule! Yabule!"

Walikuwa bado wanaimba Bora alipovuka mstari, wa kwanza, kwa urefu wa baiskeli mbili.

Saa moja na dakika thelathini na tisa msimamizi aliandika "Yabule" kwenye orodha ya timu. Bora alimsahihisha. Msimamizi alikata, akaandika juu yake: Bora Wilondja, Dzaleka.