Kupasuliwa au Kukwanguliwa

Kwa miezi saba Kiilu alikuwa akitembea na mpira wa mkojo ndani ya suruali, na Jumanne hiyo, kama Jumanne zote za kliniki, aliamka akaufunga upya pajani kwa utepe aliokata kwenye tyubu ya baiskeli. Ncha ya mpira ilimwaga ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko ukiachwa ujae humvuta mtu mpaka machozi. Basi alipanga foleni ya choo pamoja na wapangaji wengine wa nyumba yao ya mtaa wa Pumwani, mkono mmoja mfukoni, akijifanya anatafuta kiberiti.

Aliporudi chumbani, mkewe Kanyiva alikuwa amemwekea uji.

"Wa manjano tena?"

"Mweupe umeuona duka gani wewe? Kunywa."

Akanywa. Ulinuka gunia. Mvua ilikuwa imekosekana, na serikali ikaleta mahindi ya manjano kwa meli, na watu wakaambiwa washukuru.

"Leo usikubali kurudishwa, Baba Nzilani. Waambie wakupe tarehe."

"Nitawaambia."

"Hata mwezi jana uliniambia hivyo hivyo."

Kiilu alijua kuwa ni kweli. Lakini safari hii hakuwa na nafasi ya kurudishwa. Alikuwa mchonga vinyago, na chini ya banda la bati walilochongea kila mchongaji alikuwa na mahali pake pa kukaa, upana wa mkeka, miguu ikishika gogo na kishoka kikifanya kazi. Waliokuwa wakingoja mahali walikuwa wengi kuliko waliokaa. Sheria ya banda ilisema mtu akikosekana wiki sita, mahali pake apewe anayefuata kwenye orodha. Sheria hiyo Kiilu mwenyewe aliinulia mkono ipite, enzi hizo kibofu chake kikiwa kizima na akiwacheka wagonjwa. Sasa alikuwa anachonga na mpira, na kila akikipiga kishoka kwa nguvu mkojo ulitoka mwekundu. Wenzake walikuwa wameanza kuutazama mkeka wake.

Alitembea mpaka hospitali ya serikali polepole, miguu ameitanua. Nje ya chumba namba tisa kulikuwa na benchi refu la wanaume wanaokaa vivyo hivyo, miguu wameitanua, kofia magotini. Hapo hakuna aliyeuliza mwenzake anaumwa nini.

"Mkamba! Bado uko hai?" aliita Phares. Huyu alikuwa mzee wa mtaa wa Jericho, mfanyakazi wa miaka mingi wa kanjo, yaani baraza la jiji, na mpira wake ulikuwa na miezi kumi na moja.

"Wewe je, bado unavuja?"

"Navuja kama bomba ya kanjo. Na hakuna fundi." Wanaume wakacheka kwa uangalifu, maana kucheka sana kulikuwa na maumivu yake.

Saa tano na nusu Kiilu aliitwa ndani. Daktari Mbuthia alikuwa mtu nadhifu, mwenye mikono safi na saa nzuri. Hakuinua uso kutoka kwenye faili.

"Mzee, hii ni tezi dume. Imekua, imeibana njia ya mkojo. Si saratani, usiogope. Dawa yake ni kuitoa, na kuna njia mbili." Akavuta karatasi akaanza kuchora. "Ya kwanza, tunapasua hapa chini ya kitovu, tunafungua kibofu, tunaing'oa kwa kidole. Utahitaji watu wawili wa kukutolea damu. Utalala wodini wiki mbili au tatu, kisha miezi mitatu usifanye kazi nzito. Ya pili, hatupasui popote. Tunapitisha kifaa mle mle mkojo unamotoka. Mbele kina waya wa umeme, unaikwangua tezi kidogo kidogo kutoka ndani. Siku tano unaenda nyumbani, na mwezi ukiisha uko kazini."

Miezi mitatu. Mwezi mmoja. Kiilu hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

"Nataka hiyo ya pili, daktari."

"Ya pili hatufanyi. Kifaa kiliharibika. Mwaka wa pili sasa tunangoja kipuri kutoka ng'ambo."

"Sasa mbona umenieleza?"

"Ni lazima mgonjwa aelezwe njia zote."

Hasira ilimpanda Kiilu taratibu. Kuonyeshwa chakula na kuondolewa sahani, kisha mtu aandike kwamba umekaribishwa! Akaiinamia ile karatasi ili asimtazame daktari usoni. Hapo ndipo alipokiona kifaa. Mchoro ulikuwa wa haraka lakini umbo lilikuwa wazi: bomba jembamba la urefu wa kiganja na nusu, mwishoni pete ya kidole gumba, na chini yake mahali pa vidole viwili.

Umbo hilo mikono yake ililijua. Mwaka uliotangulia, kabla ya mpira, dereva mmoja mwenye suti ya kijivu alikuja bandani na kitu kilichofungwa taulo. Alitaka kitengenezewe sanduku, na ndani kichimbiwe kitanda cha umbo lake hasa ili kisicheze. Dereva alikataa kukiacha, akakaa siku mbili juu ya debe akikilinda. Kiilu alikuwa anakipaka chaki, anakilaza kwenye mti wa muhugu, anakiinua, anachimba pale chaki ilipogusa. Alifanya hivyo labda mara mia. Sanduku lilipokwisha alilipeleka mwenyewe kwenye kliniki moja ya mtaa wa juu, yenye kibao cha shaba mlangoni na maua ndani.

"Daktari, hiki kitu ubavuni hakijaandikwa G.K.?"

Kalamu ya Mbuthia ikasimama. "Vifaa vyote vya serikali vimeandikwa G.K."

"Na kumi na nne. Chini ya pete ya kidole gumba."

Daktari akainua uso kwa mara ya kwanza. "Nani amekuambia hayo?"

"Nilikitengenezea sanduku. La muhugu. Nikalipeleka kliniki ya mtaa wa juu, ile ya kibao cha shaba."

Mbuthia aliinuka akaufunga mlango. Kiilu alitarajia matusi, na matusi angeyaweza. Lakini daktari alirudi akitabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililomchoma.

"Mzee, kilitengenezwa, ni kweli. Lakini hapa umeme unapanda na kushuka, kitaungua tena. Kule kiko salama." Akatoa kadi ndogo mfukoni. "Jumamosi niko kule. Nitakukwangua mimi mwenyewe. Mambo ya bei utaongea na msichana wa mapokezi."

Bei ya huko Kiilu aliwahi kuisikia kwenye benchi. Mwalimu mmoja wa Machakos alikwanguliwa huko na shamba likaenda.

"Kifaa ni cha serikali," alisema. "Na mimi niko hospitali ya serikali. Mbona tusikutane hapa?"

"Nina watu arobaini nje. Kupasuliwa kuna nafasi Alhamisi ijayo. Ukikataa, nyingine ni mwezi wa kumi. Na huo mpira, nakuambia ukweli, ukikaa mpaka mwezi wa kumi utakuletea maradhi ya figo. Chukua fomu kwa karani au chukua kadi. Ni juu yako."

Kiilu hakuichukua kadi. Alitoka, akasimama mbele ya benchi, akasema yote kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa korido. Kwamba kile kifaa ni kizima. Kwamba kimehamishwa kwenye kliniki ya matajiri na nambari yake ya serikali ikiwa bado juu yake. Kwamba wao wote wanapasuliwa tumbo kwa sababu mtu mmoja anataka pesa ya pili juu ya mshahara.

"Twende kwa mkubwa wa hospitali," alisema. "Tukienda watu arobaini hawezi kutufukuza."

Hakuna aliyeinuka. Mmoja alitazama kofia yake. Mwingine, aliyekuwa amesimama tangu asubuhi, alijisogeza akaketi pale Kiilu alipokuwa ameketi.

"Kiilu, keti, ndugu yangu," alisema Phares, na hakukuwa na mzaha tena. "Mimi nakuamini. Lakini ukimkasirisha huyu, kisu atatushikia nani?"

Kiilu alitaka kumtukana. Alitaka kuwaita wote wanawake, neno ambalo Kanyiva angemwashia moto kwa kulitumia. Lakini kibofu kilikaza, mfuko ulikuwa umejaa, mkojo ukawa unarudi juu. Kwenda kwa mkubwa peke yake, na kuambiwa aandike barua, na Alhamisi impite! Alijua hataweza. Kwa hilo alijichukia kuliko alivyomchukia daktari.

Akaenda dirishani kwa karani Asenath.

"Kupasuliwa?" aliuliza Asenath, akimsukumia fomu. Ilikuwa ya Kiingereza, naye akamfasiria mbio mbio kama mtu anayesema sala aliyoichoka. "Inasema daktari amekueleza njia zote, umefikiri, umeridhika na hii. Weka sahihi hapo chini. Unajua kuandika?"

"Najua."

Aliandika kwa herufi kubwa, akibonyeza, na alianza mbali juu ya mstari wa sahihi.

"Mzee, ni jina tu. Si barua."

Hakuinua kichwa. Aliandika: *Sikuridhika. Kifaa cha kukwangua ni kizima. Ni G.K. 14, kiko kliniki ya Daktari Mbuthia ya mtaa wa juu. Mimi nilichonga sanduku lake. Napasuliwa kwa sababu sina pesa.* Chini yake akaweka jina, Kiilu Mativo, na tarehe. Aliirudisha fomu, akasubiri. Alikuwa tayari kwa kelele. Alikuwa tayari kuitiwa askari, na alishajua la kumwambia askari, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alisimama wima.

Asenath aliivuta fomu bila kuacha kuzungumza na mwenzake juu ya bei ya mafuta ya kupikia. Alitafuta mahali peupe pa kupiga muhuri. Hakupaona, akaupiga juu ya maneno, akaitia fomu chini ya rundo.

"Watu wako wa damu waje Jumatatu, wawili," alisema. "Namba kumi na tisa!"

Phares, aliyekuwa na namba hiyo, akainuka, akachukua kofia yake, akaja dirishani kuomba kalamu.