Swali Ambalo Fundi Saa Hakuuliza

Fundi saa huyu alikuwa na tabia iliyowachosha wateja: hafungui saa kabla hajamhoji mwenyewe. Ilisimama lini? Ulikuwa unafanya nini? Nani aliishika mwisho? Watu walilalamika kwamba wamekuja kwa fundi, si kituo cha polisi. Yeye huwajibu kuwa kuuliza si ujinga, na saa ngapi zimeharibika kwa kufunguliwa ovyo anajua mwenyewe.

Binti yake, mwalimu wa sekondari, aliirithi tabia hiyo nzima nzima, na mchana mmoja pale kibandani akamgeuzia baba kibao.

Habari yenyewe ni hii. Mdogo wake fundi, tumbo moja, kesho yake alikuwa anakuja mjini kufanyiwa upasuaji wa jicho, naye aliomba pa kulala. Fundi akakataa. Tangu mdogo mtu akosekane kwenye maziko ya mama yao, mwaka wa tisa huu, hawajasemezana. Hata hivyo fundi alidai, huku akipuliza vumbi kwenye saa ya mezani, kwamba alishamsamehe zamani. Akalale tu hotelini.

Binti akavuta kigoda, akauliza kusamehe ni nini. Fundi akasema ni kutokuwa na hasira na mtu. Binti akamwonyesha mpita njia mwenye mwavuli: na yule, una hasira naye? Hana. Basi naye amemsamehe? Fundi akacheka, akajirekebisha: kusamehe ni kutolipiza kisasi. Binti akataka kujua kumfungia mlango mgonjwa kunaitwaje. Lo! Miaka thelathini anawabana watu, leo kabanwa yeye, na uchungu ukampanda.

"Mama alizikwa mwanawe hayupo," alisema. "Na hilo utalitafutia swali?"

"Moja tu, baba. Ulimuuliza kwa nini?"

Hakuwahi. Alitaka kuwaka, lakini kilichomjia ni aibu. Akachukua simu, akapiga, na salamu zilipokwisha akamuuliza mdogo wake siku ile alikuwa wapi.

"Nilikuwa ng'ambo ya barabara, kaka. Nilisimama pale mpaka wote mkatoka makaburini."

"Nani alikuzuia kuingia?"

"Wewe. Ulisema kama sikumuuguza mama, nisithubutu kuja kumzika."

Fundi akakumbuka: varanda ya hospitali, yeye siku tatu hajalala, na ulimi hauna mfupa. Aliyatamka maneno yale akayasahau hapo hapo, mwenzake kayabeba miaka yote hii.

Akamwambia kesho atampokea stendi mwenyewe, na chumba kipo. Alipokata simu, machozi yalikuwa yanamtoka mbele ya mwanawe. Binti akamuuliza kwa upole kama sasa amemsamehe baba mdogo.

"Mimi?" alisema fundi. "Niombee yeye anisamehe mimi."