Mlango wa Abiria

Gari lile alilichagua mkewe, na Grisi angetoa chochote leo ili jambo hilo limtoke kichwani.

Walikwenda pamoja kwenye uwanja wa vyuma chakavu, yeye fundi mstaafu wa karakana ya mabasi, na mkewe, mshona nguo ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sindano. Grisi alikuwa akizunguka mkweche mmoja mrefu mweusi, kama mtu anayenunua ng'ombe, mkewe akamvuta shati.

"Achana na hilo jeneza. Njoo uone hili."

Lilikuwa gari dogo la zamani, limelalia ubavu juu ya rundo la bati. Halina injini, halina vioo, kutu imekula sakafu mpaka unaona ardhi. Lakini taa zake za mbele zilikuwa za duara, na moja ilikuwa imelegea.

"Linanikonyeza," akasema Mama Sindano.

"Basi hili likiwaka," Grisi akamwambia, "tutatoka, mimi na wewe, mpaka mafuta yaishe."

"Yakiisha je?"

"Utasukuma."

Mkewe alicheka mpaka mwenye uwanja akatoka kibandani kuangalia kulikoni.

Maisha yake yote Grisi alikuwa ametengeneza mabasi, vyombo vya watu wengine, vya kwenda polepole na kusimama kila kona. Alitaka kabla hajafa atengeneze kitu kimoja cha fujo: gari la chini, la pua ndefu, lenye injini kubwa kuliko akili, likipita watu wageuze shingo. Wenye nazo huagiza gari la namna hiyo. Yeye alikuwa na pensheni, na pensheni ni mkono wa birika. Kwa hiyo akaokoteza. Injini ilitoka kwenye gari la mikate lililogonga mti. Giaboksi ilikuwa ya lori, rejeta ya jenereta, na mabomba ya moshi yaliwahi kupitisha maji kwenye bafu la jirani. Dashibodi ilikuwa mlango wa kabati lao la vyombo, na tangu siku hiyo vikombe vya nyumba ile vilikaa uchi mbele ya wageni. Majirani wakalibatiza gari jina, Mchango, maana kila nyumba ilikuwa na chake humo ndani.

Kuchomelea kulifanywa na mdogo wake Mama Sindano, mwanamume wa maneno mengi aliyeamini kwamba shemeji aliumbwa ili ataniwe.

"Shemeji, likigoma kuwaka tutafugia kuku."

"Kuku gani? Wewe hata paka amekuhama."

Mama Sindano alikuwa akicheka kwa wote wawili, ameshika tochi, na Grisi akinyoosha mkono tu anapata spana anayoitaka kabla hajaitaja. Ukiniuliza mimi, gari lile lilikuwa limeshakamilika siku zile, kabla halijawa gari.

Kisha ukaja msimu wa sare za shule, vitambaa vikajaa nyumba nzima, na Mama Sindano akabanwa na cherehani. Ni wakati huohuo injini ilipogoma kuingia. Ilikuwa ndefu mno, rejeta ikabaki inaning'inia nje kama ulimi. Grisi alipima, akapima tena, akaona njia ni moja tu: kukata ukuta wa mbele na kuisukuma injini nyuma, iingie ndani kwenye nafasi ya watu. Uzito ungekaa vizuri na pua ingebaki na umbo lake. Ila giaboksi ya lori ingemeza upande wote wa abiria.

Shemeji akazima mashine, akainua kinyago chake. "Na dada atakaa wapi?"

Grisi alikuwa amelala chini ya gari. Jibu lilimtoka hivihivi, hata hakulitafuta.

"Dada yako hapendi makelele. Hawezi kupanda hili."

Mtu aliyeishi umri wake wote na cherehani, redio na mdogo wa aina ile, eti hapendi makelele. Na alikuwa hapo ndani ya nyumba tu, dirisha liko wazi. Hakuna aliyemwita akamuuliza.

Likishatangulia neno baya, mengine hufuata kwa miguu yake yenyewe. Kwa kuwa hakuna wa kuingia upande ule, mlango ukachomelewa. Kwa kuwa umechomelewa, kitasa cha nini? Kikang'olewa, tundu likazibwa, bati likapigwa msasa mpaka likawa laini kama yai. Ubavu ule ulipendeza ajabu. Grisi alikuwa hapiti bila kuupapasa. Na kinywani mwake "gari letu" likawa "gari langu", na "tutatoka" ikawa "nitatoka", naye wala hakutambua.

Alipofikia kupaka rangi alilifunika turubai. "Usichungulie," akamwambia mkewe. "Nataka nikushangaze." Siku nyingine akamwomba amshonee kiti cha dereva.

"Kimoja?" Mama Sindano aliuliza.

"Kimoja kwanza."

Hilo "kwanza" lilikuwa woga mtupu. Angesema kimoja basi, mkewe angeuliza kwa nini, na wangegombana wakati bado kuna cha kugombania.

Siku ya kuliwasha mtaa ulijaa. Likanguruma, vikombe visivyo na mlango vikatetemeka kabatini, watu wakashangilia, na shemeji akapiga magoti mbele ya rejeta akiliomba msamaha kwa habari ya kuku. Ndipo Mama Sindano akatoka. Alikuwa amejifunga kilemba kwa kubana, kama mtu anayejiandaa kwa upepo, na mkononi alikuwa na foronya ya kiti, nyekundu yenye mshono mweupe, ndugu ya ile aliyokalia mumewe. Alikuwa ameshona mbili.

Akazunguka kwenda upande wake. Akanyoosha mkono kutafuta kitasa. Akapapasa mbele, akapapasa nyuma, taratibu, akitabasamu bado, akidhani ni utundu wa fundi. Kisha akainama kwenye dirisha akaona chuma kimekaa mahali pa miguu yake.

Shemeji akaangalia chini. Grisi akashika usukani.

"Nenda basi," Mama Sindano akasema. "Watu wanakungoja."

Akaenda. Hilo ndilo linalomuuma kuliko yote, kwamba alienda. Gari lilikuwa na nguvu kama alivyoota, na shingo zilimgeukia kila kona. Pale barabara inaponyooka alikanyaga mafuta mpaka machozi yakamtoka kwa upepo, akageuka pembeni kusema "Umeona?", na giaboksi ikamjibu kwa joto lake. Majuto ni mjukuu, lakini ya Grisi hayakungoja kuitwa babu. Yalimpata akiwa kwenye gia ya tatu.

Kesho yake aliukata mlango ule, akaupachika bawaba, akarudisha kitasa. Sasa unafunguka vizuri, ila ndani yake hapana pa kukaa. Gari limekaa uani chini ya turubai lililotoboka, na siku hizi kuku kweli wamehamia, ila shemeji hathubutu kutania.

Foronya ya pili ipo kwenye kiti cha cherehani. Grisi huiona kila akipita, na jioni moja alisimama mlangoni, ameshika kofia.

"Nimeona bodi jingine pale uwanjani," akasema. "Pana. Nitalianza upya. Likiwaka tutatoka."

Mama Sindano hakuinua kichwa. Akanyoosha kitambaa chini ya sindano.

"Wewe na nani?" akauliza, bila hasira yoyote, kama anayeuliza kwa kutaka kujua.