Mistari Chini ya Plasta

Mzee Patasi aliingia maabara bila kupiga hodi, vumbi la machimbo viatuni. Alikuwa mchonga mawe mstaafu asiyeacha kwenda machimboni. Aliyempigia simu asubuhi ile ni binti yake, fundi wa maabara.

"Nasikia taya langu linapelekwa stoo!"

"Shikamoo, Baba. Taya lako unalo mdomoni. Hili ni la nyani wa kale."

Daktari wa visukuku alicheka, lakini kalamu yake iliendelea kuandika kwenye kibandiko: *Umri haujulikani*.

Mzee alikisoma kibandiko. Mwaka mzima, tangu alichimbue jiwe lile lenye taya, alikuwa amewaahidi majirani kwamba umri wa taya utatajwa redioni.

"Mashine zote hizi zimeshindwa?"

"Hazijashindwa, mzee wangu. Mfupa umeshageuka jiwe, hatuupimi wenyewe. Tunapima majivu ya volkano yaliyolala juu yake na chini yake. Yana madini yanayogeuka gesi polepole, kwa mwendo usiobadilika. Tukipima gesi, tunapata miaka. Pale machimboni, majivu yaliyo futi tano chini ya ukingo wa juu yana miaka milioni moja na laki nane. Yaliyo futi tisa, milioni mbili na laki moja. Ila taya lilikuwa wapi?"

"Katikati. Nimeshakwambia."

"Nakuamini. Lakini siwezi kuandika 'mzee kasema'."

Hilo lilimchoma. Alilizunguka jiwe mezani. Lilikuwa limevikwa plasta nyeupe kama mguu uliovunjika, taya tu likichungulia.

"Nani kalifunga bandeji?"

"Mimi, siku ile ile lilipofika. Lisije likapasuka."

"Na upande wa chini uliutazama?"

"Ulikuwa tope tupu, Baba."

"Ala! Na wewe ni mtoto wa mchonga mawe! Kila jiwe langu lina alama: mshale wa kuonyesha juu, ili mwashi alilaze kama lilivyolala ardhini, na mistari ya kuhesabu safu toka ukingo wa juu kwenda chini. Safu moja, futi mbili kamili. Kata hiyo plasta!"

Daktari aliweka kalamu chini, wakaligeuza jiwe. Msumeno mdogo ukalia, plasta ikadondoka vipande vipande. Binti akachukua brashi na maji, akasugua tope. Mshale ukatokea.

"Upo!" alipiga kelele. "Na mstari mmoja… miwili… mitatu."

Akamtazama Daktari.

"Safu ya tatu ni futi nne hadi sita," Daktari alisema taratibu. "Majivu ya futi tano yanapita humo humo. Hatuwezi kujua lilikuwa juu yake au chini yake."

Mzee alishika ukingo wa meza. Je, kumbukumbu yake ndiyo iliyomdanganya mwaka mzima?

"Sugua tena," alisema. "Mkono wangu haubani mistari kushoto namna hiyo, kulia pakabaki patupu."

Brashi ikapita. Bonge la mwisho la tope likabanduka.

"Minne! Baba, ni minne!"

"Futi sita hadi nane!" Daktari aliruka kutoka kitini. "Katikati kabisa! Kati ya miaka milioni moja na laki nane na milioni mbili na laki moja!"

Alikichana kibandiko, akamsukumia mzee kipya pamoja na kalamu. "Andika wewe."

Mzee Patasi aliandika tarakimu moja moja, kwa mwandiko ulionyooka. Kisha, pembeni, akachora mshale unaotazama juu.

"Wasije wakalilaza kichwa chini," alisema.