Mahali pa Kutua

Walt Niemi, meneja wa timu ya mpira wa kikapu, alikuwa na nafasi moja tu ya kujaza kikosini, na tangu asubuhi alikuwa anaizungukia kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka chini ya kabati. Senta wake, Brandt, alikuwa amelala hospitali, mgongo umetiwa vyuma, na bila Brandt timu ya Duluth haikuwa na mtu wa kuruka akarudi na mpira. Kila timu iliyokuja ilijiokotea mipira chini ya kikapu kana kwamba imetandaziwa. Mama mwenye timu, Bi Halvorsen, alishasema kwa upole wake ule wa kutisha kwamba wasipoingia hatua ya mtoano mwaka huu, timu anaihamishia Iowa, na Niemi asijisumbue kufunga mizigo. Yaani unga umemwagika.

Wachezaji huru wanaobaki sokoni katikati ya Januari ni makombo, tusidanganyane. Mwenye maana yeyote ameshachukuliwa tangu Oktoba. Niemi na kocha wake, Marva Teague, walikaa ofisini juu ya ukumbi wa mazoezi, ziwa limeganda nje mpaka macho yanapoishia, wakayachambua makombo hayo wakabaki na watatu. Wa kwanza alikuwa Lew Dembski, mtu mzima, muungwana, magoti yamekwisha. Angekuchezea robo moja ya mchezo halafu akuombe barafu. Wa pili kijana mmoja aitwaye Stokes, aliyekuwa anacheza Poland, ila klabu yake ilikuwa inamng'ang'ania, na mpaka waachane naye msimu ungekuwa umekwisha. Wa tatu Boyd Rusk.

Teague alilitaja jina hilo mara moja, kisha akageukia dirisha.

Rusk alikuwa mzima, mwenye nguvu, hakuna aliyemshinda kwa ribaundi, yaani kudaka mipira iliyokosa kikapu, katika ligi yao ndogo, na bado hakuna timu iliyomtaka. Kisa ni mguu wake. Mfungaji akishapaa kutupa mpira, macho yote yako kwenye kikapu, Rusk alikuwa anausogeza mguu polepole mpaka pale mwenzake atakapotua. Basi. Hakusukuma, hakupiga, hakutukana. Mtu anashuka akitegemea sakafu, anakuta kiatu. Refa anapuliza filimbi, lakini nani atapima nia ya mtu? Rusk ananyoosha mikono, anavaa uso wa mtoto wa kanisani, mchezo unaendelea. Vifundo vya miguu alivyoviharibu namna hiyo vilikuwa vingi, na kimoja kilikuwa cha Deshon Varner.

Na Deshon ndiye timu yenyewe. Niemi alimwokota kule Flint akiwa kijana asiyetazamwa na chuo chochote, akamlea kimchezo mpaka ligi kubwa ikampigia simu. Alikuwa aondoke Jumatatu. Jumamosi wakacheza na Toledo, alikokuwa Rusk wakati huo, Deshon akaruka pembeni kutupa, akatua juu ya mguu wa Rusk. Jumatatu alikuwa kwenye meza ya upasuaji, na simu ile haikupigwa tena. Msimu mzima uliofuata Niemi alikuwa anampeleka kwa mtaalamu wa viungo kila asubuhi, theluji au upepo, na asubuhi zote hizo Deshon hakulitaja jina la Rusk hata kwa bahati mbaya. Niemi aliona huo ni ukomavu. Alikuwa akijisifu kwa watu kwamba kijana wake ana moyo mkubwa. Moyo mkubwa! Mtu anaamini anachotaka kuamini.

Kuna adabu moja katika kazi hii, haijaandikwa popote: kabla hujamleta mtu, unamuuliza nyota wako. Niemi akashuka ngazi. Alimkuta Deshon peke yake chumba cha kubadilishia nguo, anajifunga plasta kwenye kifundo kile kile. Niemi akaanza na hali ya hewa, akapitia Dembski, akaenda mpaka Poland na kurudi, akamwaga maneno chungu nzima kabla hajafika kwa Rusk. Deshon alimsikiliza huku anaikaza plasta.

"Mlete," akasema.

"Nani?"

"Rusk. Si ndiye unayemtaka, mzee? Umezungukaaa, mpaka ng'ambo. Mlete tu."

"Deshon, sitaki uniridhishe mimi."

"Sikuridhishi. Tunataka mtu wa ribaundi, na yeye ni mtu wa ribaundi. Anafika lini?"

Niemi alipanda ngazi mwepesi. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa kiti kurushwa ukutani, na sasa aliona aibu kwa kumdhania kijana wake vibaya. Teague hakuuona huo wepesi. Alimwambia heri hicho kiti kingerushwa. Mtu aliyenyang'anywa maisha yake hasemi mlete kama anaagiza kahawa. Akashauri wamchukue Dembski, magoti yake hivyo hivyo, wafungwe kwa heshima. Niemi akamjibu kwamba heshima haimshibishi Bi Halvorsen. Teague akasema yeye amesema, amemaliza.

Rusk alifika Jumatano kwa basi, kofia ya sufu imemfika nyusi. Niemi alimpeleka kula supu ya kuku na mchele mwitu kwenye mkahawa karibu na bandari. Alikuwa amemtayarishia moyo wa chuki, na akashangaa kwamba chuki haiji. Mtu mwenyewe alikuwa mpole, mwenye haya, anamshukuru mhudumu kila kikombe. Alimwonyesha Niemi picha ya binti yake, kibogoyo wa meno ya mbele. Alisema bila kuulizwa kwamba ule mguu alifundishwa, tangu chuoni, na makocha waliompongeza kila alipoutumia, na kwamba ameuacha. Niemi hakujua kama ni kweli. Alimwamini nusu.

Ndipo Rusk akaweka kijiko chini.

"Bwana Niemi, nikuulize kitu, unijibu kiume. Varner anajua nakuja?"

"Yeye ndiye aliyesema uje."

"Alisema hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Mimi ndiye niliyemuuliza."

Rusk akamsogelea mezani. "Alikuwa anacheka, au?"

"Hakuwa anacheka, wala hakuwa amenuna. Usiwe na wasiwasi. Mimi nakupa neno langu, hapa uko salama."

Rusk akashusha pumzi, akamaliza supu yake, akatia sahihi siku hiyo hiyo. Niemi akaikunja karatasi, akaitia mfukoni kabla wino haujakauka.

Siku ya kwanza ya mazoezi kila mtu alishika pumzi. Deshon alimwendea Rusk katikati ya uwanja, mbele ya wote, akamkumbatia. "Karibu, Bwana Mguu," akamwambia. "Leo umekuja nao, au umeuacha nyumbani ulinde mji?" Wachezaji wakaangua kicheko, kicheko cha watu waliotuliwa mzigo, na Rusk mwenyewe akacheka mpaka machozi. Kuanzia hapo mambo yakawa mswano. Deshon alimlisha pasi za kumbembeleza. Wakacheza michezo miwili, wakashinda yote, Rusk akichuma mipira kama anachuma maembe. Bi Halvorsen akampigia Niemi simu kumpongeza.

Lakini kulikuwa na vitu vidogo. Deshon aliomba mwenyewe kwamba kabati la Rusk liwe karibu na lake. Na Pruitt, yule wa picha za video, alimwambia Niemi, akifurahi kabisa, kwamba Deshon anapenda kazi siku hizi: ameomba apewe kila ribaundi ya Rusk ya misimu mitatu. Kisha akacheka, akasema jamaa ni wa ajabu, haangalii Rusk anavyopaa. Anasogeza mbele mpaka Rusk anaposhuka, anasimamisha, anarudia. Anashuka na mguu wa kushoto kwanza, Pruitt akasema, kila mara wa kushoto, hata mimi sasa nimeshajua.

Niemi alimwambia bila shaka Deshon anajifunza ampe pasi wakati gani. Pruitt akakubali. Niemi alirudi ofisini, akakaa, akafungua kompyuta, akaifunga. Angeweza kumwita Deshon. Angeweza kumwita Rusk, akamwambia arudi kwao, neno langu halina nguvu. Alitazama jedwali la ligi, akaona timu imepanda ngazi mbili, akajifanya hamnazo.

Ijumaa ya wiki ya pili mazoezi yalikuwa yanaelekea kwisha. Niemi alisimama pembeni ya uwanja, kikombe mkononi. Teague alikuwa amewapa mgongo, anamchorea kijana mmoja kitu ubaoni. Mchezaji mwingine akatupa kutoka mbali, mpira ukagonga chuma, ukaruka juu, na Rusk akapanda kuufuata. Ilikuwa raha kumwona anapanda, mwili ule mzito umesahau uzito wake, mikono yote miwili juu.

Hapo ndipo Niemi alipomwona Deshon. Kazi ya Deshon ni nje, kwenye mstari wa mbali; miaka yote hakuwahi kuhangaika na mipira ya chini ya kikapu, Teague alishamgombeza mpaka akachoka. Sasa alikuwa ameshaingia. Hakuwa anakimbia. Alikuwa anatembea, mikono imeshuka, hatazami mpira hata kidogo. Alikuwa anatazama sakafu, anatafuta mahali.

Niemi akaelewa. Na tuseme ukweli, hakuelewa wakati ule. Alikuwa ameelewa tangu ile "mlete", akaikalia. Aliye hewani hushuka upesi, lakini nafasi ya neno moja ilikuwepo. Jina tu lingetosha. Mdomo ulishafunguka. Kisha akaona yote yatakayofuata akipiga kelele: ligi itamfungia Deshon, timu itaporomoka, Bi Halvorsen atapiga simu nyingine. Akabaki mdomo wazi, sauti imekataa, au ameikatalia mwenyewe.

Deshon akausogeza mguu.

Mlio wa kifundo ulikuwa mdogo, mkavu, na watu wote wakageuka. Rusk alikuwa chini, ameshika mguu wa kushoto kwa mikono miwili, kiatu kinaelekea upande ambao kiatu hakielekei. Deshon ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga magoti. Alimshika kichwa, akaita barafu, akaita daktari, kwa sauti ya mtu mwema. Teague alikuja mbio, uso umemsawijika. Aliuliza nani ameona. Huyu alikuwa anatazama mpira, yule alikuwa anakunywa maji. Rusk, jasho linamtiririka, akainua kidole akamwonyesha Niemi.

"Yule aliona," akasema. "Alikuwa anatutazama. Waambie, bwana Niemi."

Wote wakamgeukia. Deshon naye akamgeukia, mkono wake bado uko chini ya shingo ya Rusk. Usoni hakukuwa na hasira wala ombi. Alingoja tu, kama mtu aliyeita lifti na anajua itafika. Niemi alimtazama kijana aliyemlea, akamwogopa. Ndiyo, alimwogopa, na alimpenda vilevile, na hakuna kati ya hayo mawili lililomsaidia.

"Nilikuwa natazama mpira," Niemi akasema. "Sikuona."

Rusk alimkazia macho kitambo, halafu akalaza kichwa chini. Hakubishana. Jibu hilo lilimlisha yeye mwenyewe miaka mingi, alilijua vizuri. Aliomba tu mtu ampigie mke wake simu, na mtoto asiambiwe kwanza.

Teague alimtazama Niemi kwa namna ambayo Niemi alijua hataisahau, akachukua koti lake, akapanda gari la wagonjwa pamoja na Rusk. Deshon alisaidia kubeba machela mpaka mlangoni. Aliporudi alipita karibu na Niemi, akamwekea mkono begani.

"Asante, mzee."

Niemi alitamani kuukung'uta mkono ule. Hakuukung'uta. Alipanda ngazi akishikilia ukuta, akaketi, akaitafuta namba ya Lew Dembski, kwa sababu nafasi ilikuwa wazi tena na Jumapili kulikuwa na mchezo. Simu iliita mara moja tu ikapokelewa. Dembski alifurahi mpaka sauti ikamkwama. Aliwasalimia wote wa huko, akauliza ratiba, akauliza kama kuna mtu wa kumkanda magoti. Kisha akauliza lile ambalo kila mgeni huuliza, hao vijana ni watu wa namna gani, mtu anaweza kuishi nao?

Chini, nyuma ya kioo, Deshon alikuwa amebaki anatupa. Anaruka, anatua, anaruka, anatua. Wenzake walikuwa wamejibanza ukutani wakifungua viatu, na hakuna aliyethubutu kumsogelea wakati yuko juu.

"Ni vijana wazuri," Niemi akasema. "Wewe njoo tu."